Nyumba Isiyouliza Fedha Imetoka Wapi

Juma lililopita niliwaahidi kuendelea na habari za mahari. Naomba mniwie radhi, mahari itangoja. Nimepata barua kutoka kijiji kimoja cha pwani ya Tanga, si mbali na mpaka, na tangu niisome sikuweza kushika kalamu kwa jambo jingine.

Mwenye barua ni mama mjane. Jina lake silitaji, wala la kijiji chake. Marehemu mumewe alikuwa mkata mkonge. Kijana wao alikwenda Mombasa miaka mitatu iliyopita, ati kwa kazi ya gereji. Mwaka wa kwanza alituma shilingi elfu ishirini, mara elfu thelathini, tena kwa shida. Mwaka wa pili kimya. Mwaka huu, ghafula, pikipiki mpya kwa mdogo wake, kisha televisheni, na mwezi uliopita lori dogo likashusha bando nne za mabati mbele ya nyumba. Dereva hakutaka hata maji ya kunywa. Mama anauliza: "Nimwulize au ninyamaze? Nikimwuliza naogopa atakalonijibu. Nikinyamaza silali."

Halafu anaongeza jambo dogo ambalo kwangu mimi si dogo. Kijana alipokuja Pasaka alileta mchezo wa Kimarekani katika flashi, mchezo wa mkubwa wa majambazi na familia yake. Wakautazama usiku kucha pamoja na watoto wa jirani. Kijana akamwambia mama yake: "Yule bwana watu wanamsema bure. Tazama anavyowatunza watu wake."

Basi, na mimi nikaenda kuutazama. Sikuumaliza wote, maana una vipande 86. Ulianza kuonyeshwa Marekani mwezi Januari 1999 ukaisha Juni 2007, na jina lake ni The Sopranos. Niliyoyaona yalinitosha kumjibu yule kijana.

Bwana mwenyewe aitwa Tony Soprano. Ni mtu wa kubuniwa, wala hakupata kuishi. Anakaa New Jersey, katika nyumba kubwa yenye bwawa la kuogelea, na asili yao ni Waitalia. Ukimwuliza kazi yake atakuambia yumo katika biashara ya kuzoa taka. Kweli yake ni mkubwa wa kundi la Mafia. (Watoto msichanganye: Mafia hii haihusiani hata kidogo na kisiwa chetu cha Mafia, ambako watu huvua samaki kwa halali yao.) Anatoza watu fedha kwa vitisho, anakopesha kwa riba ya kunyonga, na asiyelipa huvunjwa mifupa au huuawa. Jioni hurudi nyumbani akala na mkewe na watoto wawili. Jumapili mkewe huenda Misa. Ni Wakatoliki, ndugu zangu, kama wewe na mimi, na ndiyo sababu sikuona vibaya kulileta jambo hili katika ukurasa huu.

Aliyemcheza bwana huyo, James Gandolfini, alikuwa fundi mno. Unamwona anaua, na kesho yake unamhurumia. Huo ndio ufundi wa mchezo, na hiyo ndiyo hatari yake kwa kijana wa miaka ishirini na tatu anayetazama usiku bila mtu mzima karibu. Lakini waliotunga hawakudanganya. Yote yamo, mwenye macho na aone.

Tuhesabu basi hao "watu wake" anaowatunza. Mama yake mzazi pamoja na baba yake mkubwa walifanya shauri la kumwua. Mwanawe wa kiume alikuja kujifunga tofali mguuni akajitupa katika lile bwawa la kuogelea ili afe, akaokolewa kwa bahati. Kijana wa jamaa yake, aliyemlea katika kazi hiyo kama mrithi, alikuwa mtumwa wa heroini. Siku moja gari lao likapinduka, kijana akawa anatapika damu. Tony, badala ya kuita msaada, alimbana pua mpaka akakata roho, kisha akaenda matangani akakaa na wafiwa. Na yeye mwenyewe mkubwa? Mchezo unaanza kwa kuonyesha anavyoanguka na kuzirai, hata ikabidi aende kwa daktari wa akili, kwa siri, kama mtu aendaye kwa mganga usiku. Haya ndiyo matunzo.

Lakini moyo wangu ulikaa zaidi kwa mkewe, Carmela. Yeye hapigi mtu, hauzi kitu. Anapika, anafunga zawadi, anasimamia masomo ya watoto. Na anajua. Binti yao aliwahi kumwuliza baba yake wazi, ndani ya gari, walipokuwa wakizunguka kutafuta chuo, kama yeye ni mtu wa Mafia. Binti aliuliza! Mama hakupata kuuliza, kwa kuwa anayejua hana haja ya kuuliza. Katika kipande hichohicho mama anaungama kwa padre, akilia, kwamba ameukubali uovu uingie nyumbani kwa sababu ya starehe. Huyo padre naye, Mungu anisamehe, hakunipendeza. Huja jioni kula chakula cha Carmela na kutazama sinema naye. Shauri lake kwa mama huyo lilikuwa akae na mumewe ajaribu kumgeuza awe mtu mwema. Miaka ilipita, mume hakugeuka, na chakula kiliendelea kuliwa.

Baadaye Carmela akaenda kwa daktari mwingine wa akili, mzee wa Kiyahudi. Mzee yule akamsikiliza, kisha akamwambia bila kuzungukazunguka: chukua watoto walio salia, uondoke, wala usichukue hata senti ya mumeo. Malipo yake mzee aliyakataa. Hakutaka fedha ya damu. Katika mchezo wote ule, wakubwa kwa wadogo, ni yeye tu niliyemwona akikataa kuipokea.

Unadhani Carmela alifanyaje? Alirudi nyumbani akalala kochini. Mumewe alipoingia, akamtaka dola 50,000 azitoe ziwe zawadi kwa chuo kikuu cha binti yao. Akazipata, akanyamaza. Msomaji, usimcheke haraka. Mimi nilifikiri sana juu ya dola zile. Alitaka fedha chafu ipite mahali safi, itoke imetakata, na dhamiri yake itakate nayo. Nasi tunafanya hivyo kwa kiasi chetu. Cha kuvunda hakina ubani, walisema wazee, lakini kila mtu hujaribu ubani wake.

Sasa tuache michezo ya watu wa mbali. Asubuhi ukipanda basi Tanga mjini, ukapita Horohoro na Lunga Lunga, mchana uko Likoni unangoja kivuko. Mombasa si ugenini kwetu. Na Mombasa imepata kuwa na nyumba kama ile ya mchezo, wala hii haikubuniwa na mtu.

Ibrahim Akasha alitajwa kwa miaka mingi kuwa mkubwa wa biashara ya madawa ya kulevya katika pwani hii. Mwezi Mei 2000 alipigwa risasi akafa katika njia ya mji wa Amsterdam, Uholanzi, akitembea na mkewe. Mwaka 2002 mwanawe Kamaldin naye akauawa kwa risasi, Mombasa kwao. Mali ilibaki nyingi, na wake na watoto wa marehemu wakagombana juu ya mirathi mpaka mahakamani. Baba alikusanya kwa ajili ya watoto, na alichokusanya ndicho kilichowatenga.

Wana wengine wawili, Baktash na Ibrahim aliyeitwa jina la baba, wakashika njia ileile. Mwaka 2014 walikuja watu waliojifanya wajumbe wa wafanyabiashara wa Colombia, wakataka mzigo. Wakapewa kilo 99 za heroini na kilo 2 za methamfetamini. Kumbe wanunuzi wale walikuwa wametumwa na polisi wa Marekani wanaopambana na madawa! Novemba mwaka huo ndugu hao wakakamatwa. Kesi ya kuwapeleka Marekani ikavutwa zaidi ya miaka miwili, hata Januari 2017 wakapandishwa ndege mpaka New York. Mwezi Oktoba 2018 wakakiri makosa yao, na mojawapo ya waliyoyakiri lilikuwa kuwahonga maafisa nchini Kenya ili wasipelekwe. Agosti 2019 Baktash akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Januari 2020 mdogo wake akapata miaka 23.

Nimeyasoma hayo na kuyarudia. Baba mmoja na wana watatu: wawili risasi, wawili gereza la ng'ambo. Sina neno la kuongeza juu yao. Walihukumiwa na wenye haki ya kuhukumu, na wamebaki watu wanaolia kwa ajili yao, maana kila mfungwa ni mtoto wa mtu.

Utasema, "Hao ni wakubwa, sisi wavuvi na wakulima yatuhusu nini?" Ngoja nikueleze jinsi unga unavyofika kwetu. Heroini hutengenezwa na utomvu wa mpopi, na kwa miaka mingi iliyo mingi ilitoka Afghanistan. Husafirishwa hata pwani ya Irani na Pakistani, ikapakiwa katika majahazi. Majahazi hushuka kuja huku, na kusi ikivuma kwa nguvu hayasafiri sana. Hayaingii bandarini. Husimama mbali, bahari kuu, na mashua ndogo za watu wa pwani hutoka kupokea mzigo usiku na kuuleta kwenye bandari bubu. Unazijua bandari bubu. Toka Pangani mpaka Jasini zipo, na mikoko yetu inaficha vizuri.

Mwezi Machi 2010 polisi walikamata zaidi ya kilo 90 za heroini hapahapa mkoani Tanga. Januari 2012 kule Lindi zilikamatwa zaidi ya kilo 200. Sehemu kubwa ya mizigo ya namna hiyo huelekea Ulaya na kwingineko. Lakini wabebaji mara nyingi hawalipwi fedha taslimu. Hulipwa unga. Na mwenye kulipwa unga atafanya nini nao? Huukata kete akawauzia vijana wa mtaa wake. Kwa njia hiyo kitu kilichokuwa kikipita tu kikawa mkazi wa Tanga, wa Mombasa, wa Unguja, wa Dar es Salaam. Wale vijana mnaowaita mateja, wanaosinzia kwa kuinama karibu na stendi bila kuanguka, wameangukia makombo ya karamu ya wengine. Mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa dawa ya methadoni ili waache, na leo kliniki za namna hiyo zipo mikoani pia, Tanga ikiwemo. Nimewahi kumwona mama akimsindikiza mwanawe kwenye kliniki, amemshika mkono kama mtoto wa chekechea. Kijana ana ndevu.

Nami nisijifanye malaika. Nimekunywa chai ya sukari ya bandari bubu. Nilijua haikulipiwa ushuru, nilijua kwa nini ni rahisi, na nikaongeza kijiko. Sukari ya magendo si unga, hilo nalijua. Lakini mashua ni ileile, njia ya mikokoni ni ileile, na kijana aliyezoea kutoulizwa juu ya gunia la sukari hatashangaa asipoulizwa juu ya kifurushi kidogo kilichofungwa kwa gundi. Kijiji chenye desturi ya kutouliza ni mali kubwa kwa mkubwa wa wahalifu, yeye hahitaji zaidi ya hapo.

Kanisa nalo limepata kujaribiwa kwa kunyamazishwa hivyo. Huko Sicilia, asili ya Mafia, ilikuwa kawaida wakubwa wale kutoa fedha za sikukuu ya msimamizi wa parokia na kutangulia mbele ya maandamano ya sanamu, watu wote wawaone. Mei 1993 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alikwenda Agrigento akawaambia waongoke, kwamba hukumu ya Mungu itawajia. Katika mji wa Palermo padre mmoja, Pino Puglisi, alizikataa fedha zao na kuwavuta watoto wa mtaa wasitumwe nao. Septemba 15 mwaka huohuo, siku aliyotimiza miaka 56, walimpiga risasi mlangoni pake. Alitangazwa mwenye heri Mei 2013. Na Juni 2014 hayati Baba Mtakatifu Fransisko alisema waziwazi, katika nchi ya Calabria, kwamba watu wa Mafia wametengwa na Kanisa. Nikimlinganisha Padre Puglisi na yule padre wa mchezoni mwenye kupenda chakula, najua yupi ningependa aje kijijini kwa huyu mama.

Basi mama yangu, nakujibu wewe sasa, wengine wasikilize.

Mwulize. Lakini si kwa simu, maana katika simu mtu hudanganya kwa urahisi, na pengine si yeye peke yake anayesikiliza. Mwite nyumbani. Mpikie, ale ashibe, mdogo wake atoke nje. Usimwambie "wewe ni mwizi", hujui. Vijana wengi wamekwenda Mombasa wakapata kwa jasho. Yamkini tajiri wa gereji amempandisha cheo, au ameshirikiana na wenzake akanunua gari bovu akalitengeneza akaliuza. Hayo hutokea, na ukimtuhumu bure utamjeruhi moyo. Mwambie hivi: "Mwanangu, nataka kuiona gereji yako. Nataka kumwamkia tajiri wako." Kisha nyamaza umtazame. Mtoto uliyemnyonyesha huwezi kukosa kumsoma. Kama kazi ni halali atafurahi, atakuambia njoo lini. Pale Horohoro utapewa hati ya safari, upande basi ukaone mwenyewe, nami nitakuwa wa kwanza kukupongeza.

Kama atakasirika, au atasema gereji imehama, au atakuambia ule tu usiulize, hapo umekwisha jibiwa. Usipige kelele. Mwambie kwamba sheria yetu ya mwaka 2015, iliyokazwa tena mwaka 2017, yaweza kumpa kifungo cha maisha mtu atakayepatikana na hatia ya biashara hiyo, na mali iliyotokana nayo huweza kutaifishwa, nyumba yako ikiwamo. Mwambie habari za wale ndugu wawili wa Mombasa. Wao walikuwa na mawakili na fedha ya kuhonga, yeye ana nini? Mbebaji ndiye anayekamatwa mapema na kusahauliwa mapema. Tena mwambie mlango wako uko wazi siku atakayorudi mikono mitupu. Hilo usilisahau, mama, liseme mara mbili. Paroko wako aweza kumtafutia mtu wa sheria wa kumwongoza jinsi ya kujitoa. Usiende peke yako, nenda na mtu mzima wa ukoo unayemwamini.

Pikipiki umnyang'anye mdogo wake? Naam, mpaka ujue. Atanuna. Mdogo ndiye anayenitia hofu zaidi, kwa kuwa ameiona pikipiki na hajaona bado bei yake.

Umeniuliza pia kama waweza kuyatoa mabati hayo sadaka kwa kigango, ili kama ni mabaya yatakaswe. La, mama. Hizo ni dola 50,000 za Carmela. Wana jumuiya yako wasiezekwe kwa kitu ambacho wewe mwenyewe unaogopa kulala chini yake.

Na usiyaezeke kwanza. Najua makuti yako yamechakaa na masika yako karibu. Mwombe mwenyekiti wa jumuiya vijana wawili watatu wakuongezee makuti upande unaovuja, kazi ya siku moja. Mabati yaache palepale ukutani, yainuliwe juu ya magogo, uyafunike kwa turubai yasishike maji katikati, maana bati likilala na unyevu hutoka madoa meupe na hata mwenye duka hatalirudisha. Yakikaa vizuri yanaweza kungoja mpaka kijana aje.

Akija, niandikie. Habari za mahari, Mungu akipenda, juma lijalo.